Ngano ya Kushikisha: Kula Unguja Ukiwa na Siliaki

Safari yangu ya kwanza Unguja baada ya daktari kuniambia nina siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, na kunikataza ngano, nilibeba begi zima la chakula kutoka Dar. Unga wa mchele, biskuti za mahindi, mpaka mkate niliougandisha, ambao uliyeyuka kwenye boti kabla hata hatujauona mji. Mume wangu akanicheka. Tulipofika nikaona ana haki ya kucheka: wali wa nazi, muhogo, ndizi mbichi, majimbi, shelisheli, pweza, changu wa kupaka. Mtu asiyekula ngano angeomba nini zaidi? Nikajiachia. Usiku wa pili nilikesha chooni.

Kilichoniangusha ni urojo. Chapati, sambusa, maandazi na tambi nilikuwa nazikwepa kwa macho tu. Boko boko nilijua ni ngano na nyama. Lakini bakuli la urojo nililiona lina embe bichi, ndimu, bizari, viazi na bajia za dengu, nikasema hili langu. Sikujiuliza ule uzito wake umetoka wapi. Umetoka kwenye unga wa ngano, unaokorogwa na maji na kuchemshwa mpaka ukaiva.

Tangu siku hiyo nimebadilisha swali. Jiko la pwani halikusimama juu ya ngano, limesimama juu ya mchele, nazi na mizizi. Ngano huingia kwa mlango wa nyuma, kijiko hapa, konzi pale, ili kitu kishikane au kiwe kizito. Kachori huchovywa kwenye uji wa unga kabla ya kukaangwa, na uji huo wengine hufanya wa dengu, wengine wa ngano. Katlesi huweza kuwa na chenga za mkate. Mkate wa kumimina ni wa mchele, ila wapo wanaotia ngano kidogo uumuke vizuri. Kwa hiyo siulizi tena "hiki kina nini?" Nauliza, "mmetia nini ili kishikane?"

Na neno la kutumia ni ngano, si gluteni, ile protini ya ngano na shayiri inayotudhuru. Ukimuuliza mhudumu "kuna gluteni?" atakujibu "hakuna, dada" kwa adabu tu, asikuvunje moyo. Ukiuliza "kuna unga?" umejichanganya mwenyewe, maana sembe ni unga, dengu ni unga, muhogo ni unga. Sema ngano, na shayiri pia, kisha omba kuongea na anayepika. Mimi husimama mlangoni mwa jiko, nasalimia kwanza, ndiyo naeleza shida yangu.

Halafu kuna ukarimu. Ukisema "sili ngano", mwenyeji atadhani unaringa au unapunguza mwili, na atakusukumia sahani. Ukisema "daktari amenikataza", mambo yanaisha. Wazee wengine nawaambia ni mwiko wangu, nao wananielewa kuliko yule daktari wa kwanza aliyeniambia nina vidonda vya tumbo.

Udogo wa kiasi ndio watu hawauamini. Siliaki si mzio wa kuwashwa ngozi. Ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo mdogo kila gluteni inapopita. Kipimo cha kimataifa cha chakula kuandikwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo moja. Kwa hiyo mafuta yaliyokaanga sambusa hayafai kukaangia chipsi zako, hata kama viazi ni viazi. Pale Forodhani jioni mishkaki na pweza wananipendeza, lakini jiko hilohilo huenda limetoka kupasha chapati. Naomba vyangu vichomwe juu ya foili, na naenda mapema kabla foleni haijamchosha mchomaji. Mwenye foleni ya watu ishirini hana muda wa habari za utumbo wako.

Hotelini angalia sosi ya soya, ambayo nyingi zina ngano na humwagiwa ngisi na kamba bila mtu kukuambia. Vinywaji vya kimea, hata visivyo na kileo, mara nyingi ni shayiri. Asubuhi naomba mayai ya kuchemsha, maana kikaango cha mayai mara nyingi ndicho cha chapati za maji. Matunda, chai, muhogo wa nazi, yamekwisha.

(Kama unashuku tu na hujapimwa, usiache ngano kabla ya vipimo. Ukiacha, majibu yanaweza kutoka safi na wewe mgonjwa.)

Safari ya mwisho tulikaa Jambiani. Jirani wa tulipofikia alikuwa mama mmoja anayepika vitumbua alfajiri. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vingapi?"

"Umetia nini humo?"

"Mchele, tui, hiliki, sukari, hamira. Basi."

"Na ngano?"

Akaguna. "Aa, vijiko viwili tu, vishikane. Hiyo si ngano ya kuhesabu."

Nikamweleza habari ya daktari. Hakusema kitu, akageuza vyake kwa ule mchokoo wake mrefu. Kesho yake kabla jua halijachomoza alimtuma mjukuu kugonga mlango. Alikuwa ameloweka mchele wangu peke yake, akausaga mbali na ule mwingine, na akasugua kikaango kwa mchanga na majivu. Vilitoka vimepasuka, vingine vimebaki nusu kwenye vishimo. Akanipa kwenye bakuli badala ya sahani.

"Havikushikana," akasema. "Chukua kijiko."

Nilikula vyote nimekaa kizingitini kwake, na wanangu waliponikuta pale sikuwabakizia.