Maswali ya Wasomaji: Grisi iliyoiokoa Liemba

SWALI: Husemwa kwamba Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba Ziwa Tanganyika waliipaka mafuta kwanza, ndiyo maana ilipoopolewa ikatembea tena. Ni kweli, au ni porojo za bandarini? Na mbona hawakuilipua tu? (Msomaji, Sumbawanga)

JIBU: Ni kweli, ila kilichopakwa ni mitambo, si meli nzima, tena kwa grisi nzito.

Meli hiyo, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafumuliwa. Vipande vilitiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, vikaletwa Dar es Salaam, halafu Kigoma. Mafundi watatu wa Meyer wakaiunda upya kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vya kuungia mabamba. Kazi hiyo haitaki uzembe: ribiti hutiwa motoni hadi iwe nyekundu, hupenyezwa tunduni, kisha hugongwa ingali moto. Ikipoa husinyaa na kuyabana mabamba. Ukichelewa kugonga, haibani sawasawa, na hapo ndipo maji yatakapopenya. Ilishushwa ziwani Februari 1915.

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji, maadui wa Wajerumani, walikuwa wanaikaribia Kigoma. Kuilipua kungekuwa rahisi, lakini Wajerumani walitumaini kurudi. Basi mitambo ikapakwa grisi kwa unene, meli ikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai ikazamishwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kwenye kina cha mita 20 hivi.

Kwa nini mitambo hasa? Kutu hutokea maji na oksijeni vinapogusa chuma. Bamba la ubavuni likiliwa kidogo, bado ni bamba. Lakini fimbo ya pistoni, shafti au ukuta wa silinda umesuguliwa ukawa laini kama kioo. Vijishimo vichache vya kutu vinatosha kuikwamisha injini yote. Grisi huziba njia hiyo, mradi isiachwe sehemu wazi. Ziwa nalo lilisaidia, kwani maji yake si ya chumvi kama ya bahari, na chumvi huharakisha kutu.

Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Ilirudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba, na injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 tu, zikawekwa za dizeli.

SWALI: Waingereza walikuwa na boti za Mimi na Toutou ziwani. Mbona hawakuishambulia wenyewe? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Boti zile zilikuwa za mbao, urefu wa mita 12 hivi, zikiwa zimeburutwa porini na milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915, na Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Götzen ilikuwa habari nyingine: ilibeba mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia Rufiji. Kombora moja lingetosha kuifanya boti ya mbao kuni. Kamanda wa boti hizo, Spicer-Simson, akakataa kuikabili. Kichekesho ni kwamba kabla meli haijazamishwa, mzinga ule ulikwisha kupelekwa kwa majeshi ya nchi kavu, na mahali pake ukasimamishwa wa mti.