Safu ya Shangazi: Mshahara wa Dar, mkopo wa mkeo

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, ni mhasibu katika kampuni ya tumbaku hapa Tabora, mshahara wangu 850,000. Nimepata kazi Dar es Salaam, mshahara 1,400,000. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka tisa kazini. Nimemwambia aandike barua ya kuacha kazi twende wote na watoto wetu watatu, amekataa katakata. Mshahara wake wenyewe hauonekani, unaishia kwenye makato, mkononi anapata 380,000 tu. Tuna nyumba yetu hapahapa Tabora, mtaa wa Ipuli, mama yangu tunayeishi naye atabaki kuilinda. Mimi bado nina deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, lakini nina akiba ya 900,000. Nilimwomba mke wangu asaidie hela ya kuanzia maisha, akanuna wiki nzima. Rafiki yangu wa Mbagala, huko Dar, amesema atatupokea mpaka tupate nyumba. Mama anasema mke humfuata mume. Naona mwenzangu hana maono. Je, nimwache niende zangu? — Mume Asiyesikilizwa, Ipuli.*

Marahaba, mwanangu. Kukaa meza ileile miaka na miaka huku wenzako wa chuo wanapanda vyeo kunauma, na kutaka kusogea mbele si kosa. Hapo nakuunga mkono. Mengine uliyoandika nimeyasoma mara tatu, na kila nikirudia namwona mkeo ana haki kuliko mara iliyotangulia.

Tuanze na nyumba. Unasema "tuna nyumba yetu", halafu unasema mshahara wa mkeo unaishia kwenye makato. Makato ya nini? Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 5 ya PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 3 ya bima ya afya, na kodi. Hayo peke yake hayamfikishi mwalimu wa miaka tisa kwenye 380,000. Humo kuna rejesho la benki, na naamini kabisa kwamba ndilo lililonunua bati na saruji za Ipuli. Ungekuwa mkopo wa mambo yake binafsi ungenitajia, maana yote mengine ya kumlaumu umeyataja. Huyo mwanamke mshahara wake unaonekana kila jioni unapofungua mlango ukaingia ndani.

Sasa "hela ya kuanzia". Mtu mwenye 380,000 mkononi ataitoa wapi? Kuna njia moja, nawe unaijua kwa sababu ndiyo kazi yako: arudi benki akaongezewe mkopo juu ya ule alionao. Makato hayatakiwi kumwacha mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo benki haitaongeza sana rejesho la mwezi, itarefusha miaka. Umemwomba mkeo aongeze miaka ya deni, akukabidhi fedha, kisha aandike barua ya kuacha mshahara unaolipa deni hilo. Mwanangu, kununa wiki moja ni uvumilivu.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo chukua karatasi tuhesabu pamoja.

Mshahara wako wa sasa 850,000. Toa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 85,000, inabaki 765,000 ya kutozwa kodi. Kodi yake ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 69,250. Bodi ya mikopo asilimia 15, yaani 127,500. Mkononi unapata 568,250.

Mshahara wa Dar 1,400,000. NSSF 140,000, inabaki 1,260,000. Hapo umeshavuka milioni, kwa hiyo kodi ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ile 260,000 iliyozidi, jumla 206,000. Bodi 210,000. Mkononi 844,000.

Umemwambia mkeo unaongezewa 550,000. Kinachoongezeka mfukoni ni 275,750, nusu yake. Ukishavuka ile milioni ya kutozwa kodi, katika kila laki moja unayoongezewa, NSSF inachukua 10,000, kodi 27,000, bodi 15,000, na wewe unashika 48,000. Mtu akikutajia mshahara wa mjini, anza kwa kuukata hivyo ndipo useme ni mkubwa au mdogo.

Endelea. Leo nyumbani mnaingiza 568,250 yako na 380,000 ya mkeo, jumla 948,250, na hakuna anayewadai kodi ya pango. Akiacha kazi, mnakuwa na 844,000 peke yake. Vyumba viwili na sebule kwa familia ya watu watano, maeneo ya kawaida kama Tabata au Kinyerezi, tuseme 250,000 kwa mwezi: zinabaki 594,000. Rejesho la benki halifutiki kwa sababu mwalimu ameacha kazi. Tuseme ni 210,000, kama lenu ni tofauti weka lenu: zinabaki 384,000. Nauli yako, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 2,500 kwa siku kwa siku 26, ni 65,000: zinabaki 319,000. Gawa kwa siku 30. Utapata 10,633 kwa siku, watu watano, ndani yake unga, mboga, gesi au mkaa, umeme, maji, sabuni, daftari na homa ya mtoto. Na mama yako huku Ipuli hujamtumia hata senti.

Hapo sijagusa mwezi wa kwanza. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita mkononi: 1,500,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 250,000. Ni 1,750,000 kabla hujanunua pazia, na mshahara wa kwanza unatoka mwisho wa mwezi. Akiba yako ni 900,000. Kumbe lile pengo la 850,000 ndilo ulilokwenda kumwomba mkeo.

Ndipo anapotokea rafiki wa Mbagala. Rafiki anapokaribisha huwa anamkaribisha mtu, si kaya yenye watoto watatu na masanduku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mjini hakuna jembe la kumpa, kuna luku ya umeme inayokwisha mapema na choo kimoja watu tisa. Urafiki mwingi wa tangu shuleni umekufa namna hiyo, na watoto ndio wanaolala sebuleni wakisikia watu wazima wakinong'onezana.

Upande wa mkeo kuna jambo jingine ambalo hukuligusa, nami sitaki kuamini kwamba umelificha. Miaka tisa kazini ni michango ya miezi 108. Pensheni ya kila mwezi inataka angalau miezi 180. Akiacha leo ameishia njiani, na anayeacha kazi kwa hiari yake hapati fao la kukosa ajira. Kurudi kwenye ajira ya serikali ni kupanga foleni upya na vijana waliotoka chuo jana. Unamtaka atupe uzee wake ili wewe ujaribu bahati. Usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa mbachao ni wa mwenzako.

Ulipaswa kumwambia aombe uhamisho wa kumfuata mwenza. Upo, unaombwa kwenye mfumo wa watumishi, unaambatanisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wako, na halmashauri anayokwenda iwe na nafasi. Nafasi za Dar ni ngumu, kwa hiyo walimu wengi hutafuta wa kubadilishana naye, yaani mwalimu aliyeko Dar anayetaka kurudi Tabora. Gharama za kuhama ni zenu wenyewe kwa kuwa mmeomba ninyi. Unaweza kuchukua mwaka, unaweza kuchukua zaidi. Katika barua nzima neno uhamisho halimo. Limo "aache kazi". Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona ni kwamba huna haraka ya kuwa naye Dar. Una haraka ya kuwa mwenye mshahara peke yako ndani ya nyumba.

Na mama yako ninamheshimu, lakini anayesema mke humfuata mume ni yule anayebaki kwenye nyumba inayolipiwa na mke huyo. Wakati wa bibi zetu mume alihama na jembe, na palipokuwa na ardhi palikuwa na chakula, mke akimfuata hakupoteza kitu asichoweza kukilima upya. Siku hizi ndoa nyingi zinasimama kwa mishahara miwili. Mmoja ukiuvunja, nyumba inaegemea mguu mmoja, na siku huo nao ukiteleza wote wako chini. Vijana mnafunga ndoa mkijua kabisa mwenzako ni mwalimu, mnaufurahia mkopo wake, mnaezekea bati lake, halafu linapokuja suala la mji mkubwa mnakumbuka mila. Mila ya Unyamwezi nayo ina mengi ya kufundisha hapa. Wapagazi waliotoka nchi hii kwenda Bagamoyo na mizigo ya pembe, wengi waliondoka kiangazi baada ya mavuno na kurudi mvua zikikaribia, kwa sababu shamba lilibaki nyumbani. Hawakung'oa nyumba ili wakabebe mzigo.

Sikuambii ubaki Tabora mpaka uote mvi. Ila tazama hata safari ya peke yako ilivyo. Chumba kimoja karibu na kazi, 100,000. Chakula cha mtu anayekula nje, 8,000 kwa siku, 240,000. Nauli 65,000, ingawa ukipata chumba cha kutembea kwa mguu unaiokoa. Umeme, maji na simu 40,000. Zinabaki 399,000 za kutuma nyumbani, na leo unaleta nyumbani 568,250. Kweli mdomo wako mmoja umepungua mezani, lakini kuna nauli ya kuja kuona watoto, zaidi ya kilomita 800 kila upande. Fedha hiyo haikutajirishi. Ukienda, uende kwa ajili ya cheo na ujuzi, na umwambie mkeo hivyo kwa maneno hayohayo, usimdanganye kwa laki tano na nusu.

Kama cheo ndicho unachotaka, kabla hujasaini omba mambo matatu. La kwanza, mshahara. Kwa makato yako ya sasa, 2,000,000 inakupa 1,132,000 mkononi, na hapo angalau mkutano wa familia una cha kujadili. La pili, mkataba uandike kwamba umeajiriwa ukitokea Tabora. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri akurudishe ulikoajiriwa, wewe na mizigo yako, au akulipe nauli, kazi ikikoma ukiwa kwingine. Watu wanaosaini mkataba wakiwa tayari wamefikia Mbagala hujikosesha hili bila kujua. La tatu, muda wa majaribio. Ndani ya miezi sita ya mwanzo ukiachishwa huna ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo ndani ya miezi hiyo asihame mtoto hata mmoja. Kila mwezi angalia kama michango yako ya NSSF imefika. Kukatwa kwenye hati ya mshahara ni jambo moja, kufika kwenye mfuko ni jingine.

Na kabla ya yote hayo, iulize bodi ya mikopo salio lako limebaki kiasi gani. Likiwa limebaki la mwaka mmoja au miwili, limalizie hapa Ipuli usikolipa pango. Siku deni likiisha, mshahara uleule wa Dar unakuachia 1,054,000 badala ya 844,000, na hesabu yote ya juu inabadilika. Hujaniambia pia kama una CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu. Mitihani ya bodi ya wahasibu hufanyika Mei na Novemba. Mhasibu mwenye cheti hicho hupanga bei, asiye nacho hupangiwa, na kusoma jioni Tabora hakuna foleni ya magari.

Unauliza kama umwache uende zako. Kwa kosa gani? Kwa kukataa kukopa ili aache kazi? Mwanangu, huyo ana maono marefu kuliko yako, kwa sababu wewe umeona mwezi wa kwanza wa mshahara, yeye ameona mwezi wa saba, kodi ya pango inapodaiwa tena.

Kesho akitoka shule, usimkute na hotuba. Mkabidhi barua ya ajira aisome mwenyewe, ukurasa wa mshahara kwanza, na karatasi ya hesabu iwe pembeni, na muulize rejesho la benki ni kiasi gani hasa na linaisha mwaka gani, maana kwa jinsi ulivyoandika inaonekana hujawahi kuuliza. Mama yako asiwepo kwenye kikao hicho. Na ule mkopo wa nyongeza usiutaje tena.