Chomeka, yangu itasubiri

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali, baba yuko chumba cha upasuaji, simu yangu imebaki na asilimia 2 za chaji. Ndugu zangu wote walikuwa wanasubiri habari kupitia simu hiyohiyo. Mwanamume aliyekaa pembeni yangu, ambaye hata salamu hatukuwa tumepeana, akachomoa waya kwenye simu yake akanipa. "Chomeka, yangu itasubiri." Nikachungulia: yake ilikuwa na asilimia 9.

Sura yake nimeisahau. Waya naukumbuka. Ulizungushiwa selotepu shingoni, na bila kuukunja kidogo ulikuwa hauingizi chaji.

Tangu hapo nimekuwa nikijichunguza, na ninachokiona hakinifurahishi. Mara nyingi nikimpita mtu mwenye shida, si kwamba nina roho mbaya. Nina haraka tu. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa theolojia wa Princeton, Marekani. Walitumwa jengo jingine, na njiani wakamkuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu walimsaidia. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia Msamaria Mwema!

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa saa: toka nyumbani dakika 10 mapema. Ukiwa na dakika hizo utamwona mama anayehangaika na mtoto na begi kwenye ngazi. Usipokuwa nazo, utaona ngazi imezibwa.

Kisha acha kuuliza, "Nikusaidie?" Mtu atajibu "hapana, asante" huku mzigo unamponyoka. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo siku ile. Taja kitu chenyewe: "Nishike upande huu," au "Pita mbele, mimi sina haraka." Akikataa usimng'ang'anie. Na tafadhali, usimpige picha.

Utaogopa kuonekana una kiherehere. Mimi huogopa mpaka leo, ila utafiti wa Amit Kumar na Nicholas Epley uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa mtenda wema hudhani amemgusa mwenzake kidogo kuliko ilivyo kweli.

Upasuaji ulipoisha nilipiga simu zote, nikageuka kurudisha waya. Jamaa alikuwa amesinzia, simu mkononi, imezima. Nikaichomeka, nikaukunja waya kidogo mpaka ikawaka, nikaondoka kwa kunyata.