Swali la lugha: "Tiba binafsi" ni tiba gani?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Mwanza. Tunaandaa kipeperushi cha wazazi wenye watoto wa selimundu (sikoseli), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Ukurasa wa mwisho unaeleza kwamba siku hizi daktari anaweza kuchagua dawa na dozi kwa kuangalia jeni za mgonjwa. Mwenzangu ameiita "tiba binafsi". Naona kama watu watauliza bei kabla ya kuuliza maana. Tuandikeje? Na je, "mabadiliko ya jeni" na "tofauti za jeni" ni kitu kimoja? (Msomaji, Ilemela)

Jibu: Wasiwasi wako una msingi. Neno "binafsi" likifuata jina la huduma, Mtanzania husikia umiliki: shule binafsi, hospitali binafsi, sekta binafsi. Mama aliyevuka na kivuko kutoka Sengerema, mtoto mgongoni, akisoma "tiba binafsi" ataelewa kwamba kuna dirisha la kulipia, na anaweza kuondoka bila kuuliza. Kisarufi hakuna kosa. Tatizo ni kwamba neno hilo tayari lina kazi nyingine, nalo haliwezi kufanya kazi mbili kwenye karatasi moja. "Tiba ya kibinafsi" haisaidii, maana inaelekea kwenye faragha.

"Tiba mahususi" ni bora, ila haijatosha. Mtoto wa kilo 12 na mtoto wa kilo 30 hawapewi dozi moja ya hidroksiurea, dawa ya selimundu. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, yaani 180 hadi 240 kwa wa kwanza na 450 hadi 600 kwa wa pili. Kisha damu hupimwa mara kwa mara na dozi kupandishwa au kushushwa kadiri chembe za damu zinavyoonyesha. Hiyo tayari ni tiba mahususi, na hakuna jeni iliyosomwa. Kwa hiyo kama mnazungumzia jeni, zitajeni: "tiba kulingana na vinasaba vya mgonjwa".

Ni maneno mengi, najua, na mtashawishika kuyafupisha yawe "tiba ya vinasaba" au "tiba ya jeni". Msifanye hivyo hata kidogo. "Tiba ya jeni" ni kurekebisha au kuongeza jeni yenyewe ndani ya seli za mgonjwa. Kwa selimundu tiba hiyo ipo: Uingereza iliidhinisha Casgevy Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba mwaka huohuo, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi akisoma "tiba ya vinasaba" kwenye kipeperushi chenu atadhani mtoto wake anaponywa moja kwa moja, kumbe mlikuwa mnasema dozi itapangwa kwa uangalifu zaidi. Kiunganishi "kulingana na" ndicho kinachobeba ukweli hapo. Kibakie.

Kuhusu jeni na vinasaba: hapa Tanzania "vinasaba" ndilo neno la serikali na la mahakamani, na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imelikazia. Linataja DNA kwa jumla, ile inayopimwa kutafuta mzazi wa mtoto au mwenye damu iliyodondoka. "Jeni" ni kipande kimoja cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini takriban 20,000. Kwenye kipeperushi tumieni "vinasaba" mnapotaja urithi wote wa mtu, na "jeni" mnapotaja ile moja tu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni.

Sasa "mabadiliko" na "tofauti". Si kitu kimoja. "Mabadiliko" yana wakati ndani yake: jana kilikuwa hivi, leo ni vile. Ukimwambia mzazi "mtoto wako ana mabadiliko ya jeni", swali lake la kwanza litakuwa: yalianza lini, alikula nini, nani kamfanyia? Neno hilo linafaa kusimulia tukio la zamani, pale herufi moja (kiungo kimoja cha kemikali cha DNA) ya jeni ya himoglobini kwenye kromosomu, yaani kifurushi cha DNA, ya 11, ilipobadilika kutoka A ikawa T. Leo mtoto anayezaliwa Ukerewe akiwa nayo hakubadilika chochote, amerithi. Yeye ana tofauti. Na tofauti tunazo sote: katika herufi takriban bilioni 3, ukilinganisha vinasaba vya mtu yeyote na nakala ya marejeo, ile ambayo wanasayansi hulinganishia, utakuta sehemu milioni 4 hadi 5 zisizofanana, na Waafrika ndio wenye tofauti nyingi kuliko wengine wote. "Anuwai ya vinasaba" ni neno zuri kwa darasani, mahali ambapo wanafunzi tayari wanaijua "bioanuwai". Kwa kliniki, "tofauti" inatosha.

Ninaomba pia mfute "jeni mbovu". Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na adimu nyanda za juu zenye baridi. Sababu ni kwamba kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba na moja ya mama, na ambaye nakala moja tu ni ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kanda ya Ziwa karibu mtu 1 kati ya 5 anayo nakala hiyo moja. Huwezi kuuita ubovu urithi uliowavusha mababu wa watu wengi hivyo.

Mtu huyo wa nakala moja, AS, ndiye anayeumizwa zaidi na lugha. Hata kwenye taarifa za habari husikika "ana vimelea vya selimundu". Vimelea ni viumbe vinavyoishi ndani ya mwili na kuunyonya, kama vile vya malaria. Vinatibiwa kwa dawa na vinaambukizwa. Jeni haiambukizwi. Andikeni "amebeba jeni ya selimundu", na mwenye nakala mbili, SS, "ana ugonjwa wa selimundu". Vivyo hivyo "aliambukizwa na mama yake" iwe "alirithi kwa baba na mama". Kumtaja mama peke yake ni kosa la sayansi, na kuna ndoa zimevunjika kwa sababu yake.

Sentensi nyingine ya kuangalia ni "katika watoto wanne, mmoja ataugua". Wazazi wote wawili wakiwa AS, hesabu hiyo ni ya kila mimba, upya. Mzazi mwenye mtoto mmoja mgonjwa huisoma sentensi hiyo na kuhesabu kwamba zamu imekwisha, watatu wanaofuata wako salama. Andikeni: "Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa."

Mwisho, kwa kuwa ukurasa wenu unahusu dawa: wagonjwa husema "dawa imemkataa", na wauguzi huinakili hivyohivyo kwenye kadi. Kauli hiyo imeficha mambo matatu. Linaweza kuwa mzio, yaani kinga ya mwili imeishambulia dawa. Inaweza kuwa dawa inavunjwavunjwa polepole na ini kwa sababu ya jeni za mtu, ikarundikana hadi ikaleta madhara. Hutokea kwa isoniazidi ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU. Au mtu ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na primakuini, dawa ya malaria, ikazivunja chembe zake. Wa kwanza asipewe tena dawa ile. Wa pili huenda akahitaji dozi ndogo tu. Wa tatu anapaswa kupimwa G6PD. Ukiandika "aleji" kwa wote watatu, wa pili atanyimwa dawa inayomfaa maisha yake yote. Kwenye kadi andikeni kilichoonekana: "alipewa dawa fulani, dozi fulani, siku ya tatu mkojo ukawa mweusi".

Kwa ukurasa wenu napendekeza hivi: "Watu hutofautiana kwa vinasaba, na tofauti hizo hufanya dawa moja imfae huyu na kumdhuru yule. Tiba kulingana na vinasaba vya mgonjwa ni kumchagulia mtu dawa na dozi baada ya kuangalia jeni zinazohusika. Haibadilishi jeni zake." Na mhakiki upatanisho wa kisarufi: kinasaba hiki, vinasaba hivi, jeni hii, jeni hizi. "Vinasaba hizi" imejaa kwenye matangazo, isiingie kwenye lenu.