Dramu zako si milio, ni mikono

Mkuu, umesema umebadilisha mara nne milio ya dramu unazopanga kwenye kompyuta na sebene yako bado inasikika kama mashine. Pumzisha kwanza kutafuta milio. Nilizunguka hapo hapo muda mrefu, hadi nilipompelekea mpiga dramu wa kwaya yetu wimbo mmoja. Akasikiliza kidogo, akauliza: "Huyu ana mikono mingapi?" Nilikuwa nimeweka haiheti (zile sahani mbili zinazofungwa kwa mguu), snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na kreshi (sahani kubwa ya kishindo) zigongwe kwa wakati mmoja, na zote tatu hupigwa kwa mkono.

Tangu hapo kila mtindo naupiga kwanza mezani kwa viganja, miguu ikikanyaga sakafu. Kisichopigika mezani nakifuta. Mikono ikienda kwenye tomu, zile ngoma za pembeni, haiheti inanyamaza au inabaki ile ya mguu. Kreshi nayo huiwekea kiki, ngoma kubwa ya mguu, chini yake, bila hivyo inaelea.

Kazi kubwa iko kwenye nguvu ya pigo. Velositi, ile namba ya nguvu ya kila noti, inaishia 127, na wengi wetu tunaacha kila noti kwenye 100. Haiheti ikigonga mara nne ndani ya pigo moja, mimi huanza na 95, 55, 75, 50, kisha nasikiliza. Snea kubwa naipa 110 hadi 120. Katikati yake naweka zile ndogo ndogo, kijiti kinapojidondokea chenyewe tu, 25 hadi 40. Vyombo vyote vikilia pamoja huwezi kuzitaja, lakini zizime uone wimbo unavyokauka! Kile kitufe cha kuvuruga velositi bila mpangilio sikitumii. Mkono wa mtu una mazoea yake: palipo na uzito leo, na ubeti ujao patakuwa na uzito.

Muda nao. Kwa tempo ya 120, robo ya pigo, yaani nafasi kati ya mgongo mmoja wa haiheti na unaofuata, ni milisekunde 125. Kwenye nyimbo za polepole, snea huichelewesha milisekunde 10 hivi na wimbo unatulia. Sebene usiifanyie hivyo, italala. Yenyewe inataka kusukuma. Kiki iache palepale ilipo, besi inaitegemea.

Halafu hakikisha haiheti iliyofungwa inaikata iliyo wazi. Zikilia pamoja, msikilizaji anasikia vyombo viwili.

Ukimaliza, weka hapa dramu peke yake, bila gitaa wala besi, mizunguko minane inatosha. Nitaisikiliza leo usiku na kukuandikia noti kwa noti.