Ubadhirifu ni nini, na huku Goma tunasema aje

Ndugu yangu, umeuliza ubadhirifu maana yake nini juu uliisikia ku redio ya Tanzania. Njo hivi: ni kutumia mali ovyo mpaka inaisha bila faida, na kule bakisema "ubadhirifu wa fedha za umma" mara nyingi banataka kusema mkubwa fulani alikula pesa ya serikali, si ati alinunua bintu mingi tu. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wa kutawanya mbegu, sawa mtu anatembea anazitupa ovyo ovyo ku barabara. Hiyo picha minaipenda sana.

Kuna pia israfu, nayo ya Kiarabu, hiyo ni kupitisha kipimo hata kwa kitu kizuri, sukari vijiko sita mu kikombe kimoja cha chai.

Lakini ukimwambia mama wa Birere, kartiye ya hapa Goma, "acha ubadhirifu" atakuangalia tu. Sisi tunasema gaspiyaje, neno ya Kifaransa, ao kutapanya, sawa ile ya mwana mpotevu mu Luka 15. Jana mdogo wangu aliosha sandali na bido nzima ya maji, lita 20, maji ya kulipa! Mama akapiga kelele: "Unagaspiye maji hivyo? Utaenda kuvuta ingine ku ziwa weye mwenyewe!" Akaenda kweli, na zile sandali zake safi, akarudi zimejaa vumbi nyeusi ya volkano.