Kabla ya kukubali kesi kubwa, uliza utamhoji shahidi lini

Usisaini mkataba huo kwanza. Umeandika kwamba kampuni kubwa ya mawakili inakutaka kwa kesi ya wafanyabiashara wanaodaiwa kula njama ya kupanga bei, kwamba ofisi ndogo ya madai ya biashara nayo inakutaka, na unauliza uchague ipi, kipato kitakuwaje na kama shahada ya uchumi ina faida. Nitajibu hilo la kwanza.

Mimi nilichagua kesi kubwa, kwa sababu wakili mwandamizi aliyeniajiri aliniapia kwamba kesi moja ya sheria ya ushindani, yaani ile inayozuia njama za bei na ukiritimba, humkomaza mtu kuliko madai mia ya mikataba. Alichokinyamazia ni kwamba kazi yangu ingekuwa kusoma barua pepe za maofisa mauzo na kuziwekea alama: inahusika, haihusiki, ni siri ya wakili na mteja. Nilijua nani kamnunia nani katika idara nzima ya mauzo, lakini mahakamani niliingia kubeba majalada tu.

Kesi hizi ndivyo zilivyo. Nchini Marekani, ambako Sheria ya Sherman ilipitishwa mwaka 1890 na ile ya Clayton mwaka 1914, aliyeumizwa na njama au ukiritimba anaweza kulipwa mara tatu ya hasara yake, kwa hiyo mdaiwa anayejua hesabu hutafuta suluhu kabla shahidi hajaapa. Nyingine huyeyuka tu: serikali iliishtaki kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1969, usikilizwaji ukaanza mwaka 1975, na mwaka 1982 serikali yenyewe ikaiondoa kesi. Utaambiwa kwamba wakili David Boies alikuwa katika utetezi wa IBM, na kwamba ndiye aliyemhoji Bill Gates mwaka 1998 katika kesi ya Microsoft. Ni kweli, lakini hakuna anayekutajia waliokuwa wakipanga makasha ya hati.

Zamu yangu ilipofika, nilikabidhiwa mchumi wa upande wa pili, aliyedai kwamba soko husika, yaani bidhaa na wauzaji wote ambao mnunuzi anaweza kuwahamia, ni pana mno kiasi kwamba mdaiwa hawezi kulitawala. Nilikuwa na maswali yaliyochapwa vizuri sana. Katikati ya maswali hayo alikiri kwamba bei ilipopanda kwa asilimia 10, wanunuzi wengi hawakuhamia kwa wauzaji wengine, na hilo ndilo jibu tulilokuwa tukilitafuta, kwa maana wanunuzi wasipokuwa na pa kuhamia, soko ni finyu. Mimi, nikiwa nimeinamia karatasi yangu, nikamuuliza tarehe ya ripoti yake. Jaji aliinua kalamu akanitazama, akasubiri, kisha akaandika tarehe. Wakili wao aliposimama kumhoji shahidi wake upya, alimpa nafasi ya kulifafanua jibu lile mpaka likakosa makali, na mteja wetu akaishia kupokea suluhu duni.

Mwandamizi wangu alimwambia mteja kwamba sikuandaliwa vya kutosha. Ningependa kujua ni nani aliyekuwa na jukumu la kuniandaa, maana mimi nilikuwa nimefungiwa na barua pepe alizonipa! Kijana wa ofisi ndogo, aliyezoea kubanana na mashahidi kuhusu ankara na mizigo iliyochelewa, angemsimamisha mchumi yule pale pale na kumwomba arudie jibu lake polepole, jaji aliandike.

Kwa hiyo waandikie hao wakubwa leo, uwaulize ni shahidi gani utakayemhoji mwenyewe katika mwaka wa kwanza, na mbele ya nani. Jibu liwe kwa maandishi. Wakikujibu kwamba utajifunza kwa kuwatazama wakubwa wako wakihoji, nenda ofisi ndogo, uombe kesi za madeni, maombi ya zuio na kila shauri ambalo wakubwa wanaliona dogo mno kwao. Sheria ya ushindani utaikuta pale pale ukirudi, nao watakuhitaji zaidi ukiwa umeshazoea kusimama.